Aliyejikaribisha

Katika mji ule ilikuwa saa nne asubuhi, na ilikuwa saa nne asubuhi tangu jana, kama jana ilikuwapo. Nilifika bila kujua ninafika. Nilikuwa njiani nikijisemea, kama kawaida yangu, nikigeuza sentensi moja huku na huku kutafuta upande wake mzuri, na nilipoinua macho njia ilikuwa imekwisha na mbele yangu pana lango. Langoni alisimama mtu mrefu mwenye pembe ya nyati kifuani. Akaniambia anaitwa Shekuwe, mpiga mbiu wa mji. Kisha akanitazama miguuni badala ya usoni.

"Kivuli chako kimelala magharibi," alisema. "Hujajibiwa siku nyingi."

"Najibiwa sana. Mimi ni mtu wa maneno."

"Sikukuuliza unasema kiasi gani."

Nikatazama watu waliokuwa wakipita nyuma yake. Jua lilikuwa moja, limesimama pale pale, lakini kila mtu alikuwa na kivuli cha saa yake. Mwanamke mwenye ndoo alikikanyaga chake, mchana kamili. Wazee wawili waliokuwa wakibishana walivuta vivuli virefu vya alasiri, vimeegemeana kuelekea mashariki. Shekuwe alinieleza kwa ufupi, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata kuku wanalijua: katika mji ule jua halisogezi kitu. Kivuli cha mtu husogea pale tu anapojibiwa na mtu mwingine.

"Nitapiga mbiu mara tatu," alisema, akapuliza ya kwanza pale pale, masikio yangu yakaziba. "Ya tatu ikilia nitakuja mlangoni kwako kuuliza swali moja. Nani anamjua huyu? Atakayejibu sharti ataje jambo moja juu yako ambalo wewe hukumwambia. Moja tu. Asipopatikana mtu, utatoka kwa lango hili hili."

"Na nje kuna nini?"

"Wewe ndiye uliyetoka huko. Kuna nini?"

Nikageuka. Njia niliyoijia haikuwapo. Sikuona giza wala bonde wala ukuta. Palikuwa na ule utupu mdogo unaokaa kati ya neno na neno, isipokuwa huu ulikuwa mkubwa kiasi cha kummeza mtu. Nilijaribu kukumbuka jina la mahali nilikotoka. Nikakumbuka uso wa dada yangu Hadia tu, na mdomo wake umefumbwa.

Basi, je, mtu huwapo kabla hajajibiwa? Swali hilo liliniingia pale langoni na halijatoka. Ninaposema peke yangu chumbani, yupo nani? Yupo anayesema, nitajibu. Lakini nitamjibu nani?

Nilipewa nyumba. Ilikuwa na chumba kimoja, dirisha moja na kiti kimoja. Nikatupa nguo zangu zote juu ya kiti, nikatoka bila kurudisha mlango. Sikuja kukaa. Nilikuja kujulikana, na niliamini kujulikana ni kazi ya kufanywa nje.

*

Mkabala na nyumba yangu palikuwa na nyumba ya Bi Kidawa. Ilikuwa nyembamba na ndefu, na ukisimama mbele yake uliona mlango tu. Kwenye baraza ya jirani alikaa mwanamume mwenye umri kama wangu, kofia aliyokuwa akiidarizi magotini, sindano mkononi. Akasema anaitwa Makame.

"Bi Kidawa ana milango saba, bibie," alisema kabla sijauliza. "Mmoja nyuma ya mwingine. Watu wengi hapa wana mitatu. Mimi nina pazia."

"Wameingia wangapi kwenye pazia lako?"

"Wote. Ndiyo maana hakuna anayerudi."

"Basi kwa nini nisianze na wewe, kaka Makame? Wewe uko wazi."

Alivuta uzi kwa meno. "Mimi nitakujua kwa maneno yako tu. Nasikiliza huku nashona. Shekuwe akija nitamwambia yote uliyonieleza, na hayo hayahitajiki." Akaonyesha nyumba ya Kidawa kwa ncha ya sindano. "Yule kichwa chake hakina kofia ya kushona. Anasikia."

Nikavuka, nikavua kiatu, nikasimama.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke ikaja kutoka mbali, imepita kwenye mbao nyingi. "Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi. Mimi nani?"

Nikataja jina, na lilipotoka nikasikia kwamba si langu. Nilisema naitwa Mgeni. Baadaye, kwenye mlango wa pili, nilisema naitwa Siwema, na hilo nalo lilinitoka kama nguo ya kuazima, ingawa nilihisi nimewahi kuitwa hivyo na mtu aliyenipenda. Kwenye wa tatu sikuulizwa. Lakini bado nilikuwa mbele ya wa kwanza.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Za utokako?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na njia?"

"Nzuri tu."

Salamu zimekuwa zikinichosha maisha yangu yote. Nilizihesabu kuwa makapi, kitu cha kupepeta ili nifike kwenye punje. Nani aliwahi kujibu kwamba habari ni mbaya? Hata aliyefiwa asubuhi hii husema nzuri kwanza, ndipo aseme "ila". Hivyo nilijibu kama anayefukuza nzi, huku nikiwa nimeshatunga hotuba ya kufungulia mlango.

Sikuipata nafasi ya kuitoa. Kutoka ndani Kidawa akasema, "Nzuri yako ya pili ilikuwa fupi. Nyumbani kuna nini?"

Nilishikwa. Yeye hakuwa amesikiliza neno. Alikuwa amepima urefu wake. Neno lile lile nilimpa mara tatu, naye akaona kwamba moja lilikuwa limekatwa. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba makapi huenda ndiyo chakula chenyewe. Salamu haibebi habari. Inabeba sauti, na sauti haijui kutunga hotuba.

"Hamna kitu," nikasema. "Wazima."

"Haya," alisema, kwa namna ambayo jambo linawekwa kando bila kutupwa. Mlango wa kwanza ukafunguka. Nilipotazama chini, kivuli changu kilikuwa kimefupika kwa upana wa kidole.

Kati ya mlango wa kwanza na wa pili palikuwa na ukumbi mwembamba usio na kitu. Huko tulizungumza mambo ya watu wote: paa lake linavuja upande wa kibla, chumvi ya mji ule ni chungu, mvua hunyesha nyumba kwa nyumba kama mtu anayegawa barua. Nilitaka kupita upesi. Yeye hakuwa na haraka. Nilipomwambia kwamba mvua haina maana yoyote, alisema, "Sijakuambia ina maana. Nakuambia inanyesha." Mlango wa pili ukafunguka nikiwa bado ninacheka.

Mbele ya wa tatu aliniuliza ninapenda nini. Nikampa orodha. Nilipomuuliza yeye, alishusha sauti.

"Mimi sipendi wali wa nazi."

"Bi Kidawa, haiwezekani."

"Tangu mtoto. Unanikaa hapa." Sikumwona lakini nilijua ameshika koo. "Kwenye harusi nausukuma chini ya mfupa. Usimwambie Makame, atalifanya wimbo."

Mlango wa tatu ukafunguka taratibu, na kivuli changu kikaruka vidole vitatu kwa mpigo. Nilishangaa. Nilikuwa nimempa mambo makubwa, falsafa yangu ya mvua, naye amenipa wali, na wali ndio uliotusogeza. Nikajiuliza kama watu hukaribiana kwa vitu vizito au kwa vile vidogo ambavyo mtu anaweza kuchekwa navyo.

*

Mlango wa nne ulikuwa wa mninga, mzito, mpya kuliko ile mitatu niliyoipita. Nikapiga hodi. Kidawa akaja karibu nao. Nilisikia kanga ikiburuzika sakafuni, halafu ikatulia.

"Umekuja kutafuta nini kwangu?" akauliza.

Ah. Hilo nililingoja. Nikasema. Sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Nilisema juu ya upweke wa binadamu na daraja la lugha, nikapandisha sauti na kuishusha, nikaweka kituo mahali pake, maneno yakapangana kama shanga. Nilipomaliza nilihema kama mkimbiaji. Kwenye baraza Makame aliacha kushona.

Ndani, kimya.

"Hodi," nikasema.

Kimya.

Mbiu ya pili ikalia. Ilipita juu ya mapaa, ndefu, na katika mlio wake nikauona ule utupu nje ya lango ukinisubiri kwa saburi.

"Hodi."

Kimya. Ilibaki moja. Kila mtu aliyelelewa anajua: hodi ni tatu, na ya tatu isipoitikiwa unaondoka, unasema labda wamelala, labda wametoka, unarudi siku nyingine. Mimi sikuwa na siku nyingine. Mimi nilikuwa na saa nne asubuhi.

"Hodi," nikasema mara ya tatu. Na kabla kimya hakijapata nafasi ya kusema lake, nilifumba macho, nikaivuta sauti ya Kidawa, ule mkwaruzo wake mdogo wa mwisho wa neno, nikaitikia mwenyewe:

"Karibu."

Mlango ukafunguka.

Ilikuwa rahisi mno. Wa tano ukafunguka, wa sita, wa saba, kama karata zinazoanguka. Kwenye chumba cha ndani kabisa alikaa Bi Kidawa mkekani, mzuri, mnene kidogo, mikono imefunguliwa. Mbele yake sinia limefunikwa kawa.

"Nimekuwa nikikungoja wewe tu," alisema. "Hotuba yako imeniliza."

"Kweli?"

"Kweli. Hasa pale kwenye daraja."

Tukazungumza. Kila nilichosema alikikubali. Nikianza sentensi aliimalizia vile vile ambavyo ningeimalizia mimi. Nilimwambia habari za Hadia, akasema kosa halikuwa langu, akasema dada yangu ni mkaidi, akasema kwa maneno yale yale ambayo nimeyatumia usiku mwingi kujisemea. Moyo wangu ulijaa. Hatimaye, nikafikiri, hatimaye mtu.

Akafunua kawa. Ulikuwa wali wa nazi, unatoa moshi. Akamega tonge kubwa, akalitia kinywani, akafumba macho kwa utamu.

Nilimtazama akitafuna.

Nikatazama chini, kwenye mkeka. Kivuli changu kilikuwa pale pale nilipokiacha mlango wa tatu, hakijaenda hata upana wa unywele. Na yeye hakuwa na kivuli.

*

Nilitoka mbio, mguu mmoja na kiatu, mwingine peku. Nilipovuka kizingiti cha nne nikasikia milango yote ikijibana nyuma yangu, na mninga ukawa umefungwa kama ambao haujawahi kufunguliwa. Sikusimama mpaka barazani kwa Makame.

"Umejikaribisha," alisema bila kuinua macho.

"Nilikuwa na haraka."

"Wenye ulimi mzuri hufanya hivyo. Wengine wakinyimwa jibu hukaa wakakuna kichwa. Nyinyi mnajitengenezea." Alipenyeza sindano. "Umempata mwema?"

"Mwema sana."

"Alikubaliana na wewe?"

"Kwa kila neno."

"Pole, bibie." Na alimaanisha.

"Na sasa nifanyeje?"

"Hapa kwetu aliyejikaribisha hurudi mlangoni akamwambia mwenye nyumba. Hakuna njia ya kuzunguka. Mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango muda wote. Amekusikia ukimwigiza."

Kuna aibu inayochoma uso, na kuna ile inayoshuka mpaka kwenye magoti. Nilirudi kwa magoti hayo. Kiatu nilichokivaa tena njiani nilikivua, kikagonga sakafu. Nikakaa chini mbele ya mninga, mgongo kwenye mbao zake, nikasema hodi mara moja, nikafunga mdomo wangu.

Mdomo uliofungwa ni nchi ngeni. Mwanzoni nilisikia kelele zangu tu: majibu niliyomtungia, samahani tatu za aina tatu, moja ikiwa na vina. Zikaja, zikapita, hazikupata wa kuzitamka. Halafu, polepole, nikaanza kusikia upande wa pili. Palikuwa na pumzi. Haikuwa mbali kama nilivyodhani. Ilikuwa pale pale, kimo cha kichwa changu, mtu aliyekaa sakafuni kama mimi, mgongo wake kwenye mbao zile zile. Palikuwa na kidole kinachosugua kitu kigumu, pete labda, kinasugua na kuacha. Palikuwa na wimbo usio na maneno ambao ulianza mara mbili na kukatika mahali pamoja. Sikujua hayo yana maana gani. Kwa mara ya kwanza sikuyapa maana. Nilitaka tu kujua yataendaje, kama mtoto anayemtazama siafu.

Na kimya chake baada ya hotuba yangu, kile nilichokiziba kwa sauti ya wizi? Huenda kilikuwa jibu. Huenda kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kuwa jibu.

"Bi Kidawa," nikasema mwisho. "Nilijiitikia. Nimeingia, nimekaa na wewe kwenye sinia, na hukuwa wewe."

Kidole kikaacha kusugua.

"Nilikupikia nini?"

"Wali wa nazi."

Kitu kilitoka upande wa pili, kicheko au kikohozi.

"Uliniuliza nyumbani kuna nini," nikasema. "Nina dada, Hadia. Tuliishi chumba kimoja. Siku moja aliacha kusema nami. Hakugomba, aliacha tu. Mimi ilinichukua miezi minne kugundua." Maneno yalitoka bila mpangilio, makavu. "Kwa sababu nilikuwa namjibia. Nikimuuliza, 'Hadia, utakula?' najua atasema bado, nasema 'bado', naendelea. Miezi minne nilizungumza naye vizuri kabisa. Siku aliyofunga mizigo ndipo nikasikia kuwa chumba kimenyamaza. Akaniambia neno moja mlangoni. Akasema, 'Hujaniuliza.'"

Hakunifariji. Hakusema kosa si langu. Nilisikia kanga ikisogea, kisha sauti yake ikaja chini kabisa, mkwaruzo wake wenyewe, na nikashangaa jinsi nilivyouigiza vibaya.

"Mimi nilikuwa na milango mitatu," alisema. "Huu wa nne, na ile ya nyuma yake, niliiweka mume wangu alipofariki. Walikuja wengi. Waliingia moja kwa moja, wakanikumbatia, wakaniambia lia, Kidawa, lia, utajisikia nafuu. Hakuna aliyeuliza kama nataka kulia. Nilikuwa nataka kulala. Nilitaka mtu akae nami nilale."

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo tayari, zuri, la huruma. Nikaliacha likae ulimini mpaka likayeyuka.

"Na sasa?" nikauliza. "Unataka nini?"

Hakujibu. Na mimi sikujibu kwa niaba yake.

*

Mbiu ya tatu ikalia.

Shekuwe alikuja akitembea kwenye njia iliyo kati ya nyumba mbili, na watu wa mji nyuma yake, kila mmoja na kivuli cha saa yake, hivi kwamba asubuhi, mchana na jioni vilikuja pamoja. Nikatoka nikasimama kati ya mlango wangu ulio wazi na wake uliofungwa.

"Nani anamjua huyu?" akauliza.

Watu wakatazamana. Makame akasafisha koo. "Anasema vizuri," akasema. "Ana dada."

"Hayo ameyasema mwenyewe."

"Ndiyo." Makame akatazama kofia yake. "Nilikuwa nashona."

Kimya kikashuka. Nilikifahamu, ni kile kile. Nilikuwa na sauti ya Kidawa kooni mwangu, ninayo mpaka leo, na wakati ule ningeweza kuitupa ikatokea nyuma ya mbao saba na hakuna ambaye angetambua. Utupu wa langoni ulionekana mwisho wa njia. Nilibana meno. Shekuwe akavuta pumzi, akaanza kuinua mkono kuelekea lango.

"Huvua kiatu kimoja."

Ilitoka ndani, bila haraka.

"Akija kwangu huvua kiatu kimoja, akabaki na kingine," alisema Bi Kidawa. "Nasikia kinachoanguka ni kimoja tu. Mara ya kwanza alipokuja, na aliporudi, hivyo hivyo. Kama mtu anayesema sana ili asionekane amesimama tayari kukimbia."

Watu wote walitazama miguu yangu. Nami nikatazama. Sikuwa nimejua. Ninaapa kwa kila neno ninalolimiliki, sikuwa nimejua: mguu wa kushoto ulikuwa peku, wa kulia una kiatu, na kamba yake imefungwa mara mbili.

"Hilo alikwambia?" Shekuwe akauliza.

"Angelijua asingelifanya," alisema Kidawa.

Shekuwe aliishusha pembe. Alitazama kivuli changu kwa muda, akatikisa kichwa kidogo, akaenda zake, na watu wakamfuata na saa zao. Mimi nilibaki pale. Kujulikana nilikudhania kuwa kama kushangiliwa. Kulikuwa kama kuguswa mgongoni mahali ambapo mkono wangu mwenyewe haufiki.

Nikaingia kwenye nyumba yangu, nikarudisha mlango kwa mara ya kwanza. Nikafungua kamba, nikavua na kiatu cha pili. Sakafu ilikuwa baridi kwa nyayo zote mbili.

Ndipo nikasikia milango. Mmoja ulifunguka mbali kabisa ng'ambo ya njia, kisha mwingine, kisha wa tatu, na hatua za mtu asiyeharakisha. Mninga ulilia kwenye bawaba. Mitatu ya mbele ikafuata, mmoja baada ya mwingine. Hatua zikavuka njia. Zikasimama.

"Hodi."

Sikuwahi kupigiwa hodi. Nilikuwa nimeitikia nyumba za watu wangapi, na 'karibu' langu mwenyewe sikulijua linafananaje. Nikafungua mdomo, nikatazama chumba, dirisha, mlima wa nguo.

"Nani?" nikauliza.

"Mimi."

Sikuuliza mimi nani.

"Ngoja kidogo, Bi Kidawa," nikasema. "Kiti ni kimoja, na kimejaa nguo."

"Nangoja," alisema, na nilipoinama kuzizoa nikasikia viatu vyake vikianguka nje ya mlango, kimoja, halafu cha pili.